RUBANI AKIANDIKIWA BARUA NA MAMLAKA: KAMPUNI IKO UPANDE GANI?



Kila ikiandikwa habari ya ndege iliyopitiliza njia ya kurukia au iliyopanda mwinuko ambao haikuruhusiwa, swali la kwanza kwenye maoni huwa ni hili: sasa hapo anabanwa nani, rubani au kampuni? Na la pili: kampuni inamtetea mtu wake au inamtosa?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Wote wanaweza kubanwa, ila kila mmoja ana faili lake. Jibu la swali la pili ndilo refu, na ndilo lililonikalisha hapa kafe tangu asubuhi.

Chukulia daladala. Trafiki akisimamisha gari, leseni anayoidai ni ya dereva. Gari ni la tajiri, hesabu ya siku kapanga tajiri, hata lile tairi kipara tajiri ndiye aliyesema litafika mwisho wa mwezi. Lakini jina linaloandikwa ni la dereva. Yupo tajiri anayesema "lete hicho kikaratasi, nalipa mimi." Na yupo ambaye kesho yake alfajiri unakuta funguo kashapewa deiwaka.

Angani mambo ni yale yale, tofauti ni kwamba leseni ya rubani imegharimu mamilioni ya shilingi na miaka ya maisha yake. Leseni ile ni mali ya mtu, sio ya kampuni. Ikisimamishwa kwa siku 60, kampuni itapanga rubani mwingine kwenye ratiba na ndege itaruka. Anayekaa nyumbani ni mwenye leseni.

Nitatumia zaidi mfano wa Marekani. Sababu ni mbili. Kwanza, kule taratibu zote zimeandikwa wazi na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Pili, wapo vijana wetu wanaokwenda kusomea urubani huko na kurudi na leseni ya FAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani. Ukiwa na leseni ya FAA, kanuni zake zinakuhusu.

JINSI KESI INAVYOANZA

Mara nyingi inaanza na namba ya simu. Ndege iko hewani, rubani kapanda juu kuliko alivyoruhusiwa, muongoza ndege anamwambia kwenye redio kwamba huenda amekiuka taratibu, achukue namba hii na akishatua apige. Marubani wanaiogopa sentensi hiyo kuliko radi.

Baadaye inakuja barua ya uchunguzi. Inaeleza tarehe, namba ya ndege na kinachodhaniwa kutokea, na inampa rubani nafasi ya kujieleza, kwa kawaida ndani ya siku 10. Baada ya hapo FAA ina njia kadhaa. Inaweza kufunga faili. Inaweza kuzungumza na rubani na kumrudisha darasani. Inaweza kuandika onyo. Au inaweza kwenda kisheria: faini, kusimamisha leseni kwa muda, au kuifuta kabisa. Aliyefutiwa kwa kawaida anasubiri mwaka mzima kabla ya kuomba upya, na anaanza mitihani kama vile hajawahi kugusa usukani.

Tangu mwaka 2015 FAA ilibadilisha mwelekeo. Kosa la bahati mbaya, la mtu ambaye yuko tayari kujirekebisha, linamalizwa kwa mafunzo badala ya adhabu. Adhabu imebaki kwa anayefanya makusudi, anayeficha, au anayerudia. Kwa hiyo siku hizi barua nyingi haziishii kubaya. Lakini ndani ya zile siku 10 za kwanza rubani hajui yake itaishia wapi, na hapo ndipo mtu anapojipalia makaa mwenyewe kwa kuandika maelezo marefu usiku wa manane.

Hapa kuna kisa cha kuchekesha kidogo. Oktoba 2010 seneta mmoja wa Marekani, James Inhofe wa Oklahoma, ambaye alikuwa rubani wa miaka mingi, alitua Texas kwenye njia iliyofungwa. Kulikuwa na alama kubwa za X na mafundi wako kazini palepale! FAA ilimpa mafunzo ya marudio, mambo yakaisha. Mzee akatoka pale akiwa na hasira, sio kwa sababu ya adhabu, bali kwa jinsi alivyoona rubani asivyo na haki mbele ya mamlaka. Akaandika muswada. Agosti 2012 ukawa sheria, ile wanayoiita Haki za Rubani. Tangu hapo FAA inatakiwa kumjulisha rubani kwa maandishi kwamba anachunguzwa, kwamba halazimiki kujibu, na kwamba akijibu maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Pia anaweza kudai kuona sehemu ya ushahidi uliokusanywa.

Msione ajabu. Hapo kabla mtu angeweza kujieleza kwa nia njema kabisa, halafu maelezo yake yakageuka kuwa kamba ya kumfunga.

FOMU YA NASA

Bwana wee, hii wengi hawaijui. NASA, wale wa kwenda mwezini, tangu mwaka 1976 wanaendesha mfumo wa kupokea taarifa za makosa ya angani. Rubani, muongoza ndege, fundi, mhudumu wa ndege, yeyote anaweza kuandika: nilifanya hivi, ikatokea hivi. NASA wanatoa jina, wanakata kipande cha juu cha fomu na kukirudisha kwa mwenyewe kama risiti, kisha taarifa inabaki bila jina kwa ajili ya kujifunza.

Kwa nini NASA na sio FAA? Kwa sababu hakuna mtu atakayejisema kwa polisi ambaye kesho atamkamata. Walihitaji mtu wa katikati.

Faida kwa rubani ni kubwa. Akituma ndani ya siku 10, na kosa halikuwa la makusudi, wala jinai, wala ajali, wala halionyeshi kwamba hana sifa za kazi, na hajakutwa na kosa ndani ya miaka 5 iliyopita, basi hata FAA ikimpata na hatia haitamtoza faini wala kumsimamisha. Hatia inaandikwa, adhabu inasamehewa.

Sasa kampuni inaingiaje? Inaingia kwa kumkumbusha tu. Mtu aliyetoka kwenye tukio la hatari kichwa kinamzunguka, hakumbuki fomu. Meneja wa marubani anayepiga simu usiku huohuo na kusema "umeshatuma ya NASA?" kamsaidia mtu wake kuliko yule anayesubiri wiki tatu halafu anamtafutia wakili wa bei mbaya. Siku 10 zikipita, hakuna wakili anayeweza kuzirudisha.

MEZA YA WATU WATATU

Mashirika makubwa ya Marekani yana mpango mwingine unaitwa ASAP. Huu una pande tatu: kampuni, chama cha marubani na FAA yenyewe. Rubani akikosea anaandika taarifa kwa kampuni haraka, mara nyingi ndani ya saa 24 tangu amalize zamu. Kamati ya watu watatu, mmoja kutoka kila upande, inakaa na kuisoma. Wanatakiwa wakubaliane wote. Taarifa ikikubaliwa, rubani anapewa mafunzo au ushauri, na FAA haimchukulii hatua ya kisheria.

Kwangu mimi huu ndio msaada mkubwa kuliko wote ambao mwajiri anaweza kumpa rubani, manake unakuwepo kabla kosa halijatokea. Wakili unamlipa baada ya nyumba kuungua. Mpango huu ni ndoo ya maji iliyowekwa mlangoni.

Lakini una tundu lake. FAA ikishasema haina neno, je kampuni nayo inanyamaza? Au inachukua taarifa ileile, aliyoiandika mtu kwa kuaminiana, na kumpa barua ya nidhamu? American Airlines walianza mpango huu mwaka 1994, wakawa mfano kwa wengine wote. Mwaka 2008 ukasimama. Kampuni na chama cha marubani walishindwa kuelewana kuhusu kinga dhidi ya nidhamu ya ndani. Ulirudi baadaye, lakini kwa kipindi kile rubani wa shirika mojawapo kubwa kabisa duniani alikuwa akikosea hana meza ya kwenda kukaa. Mtu akijua akisema ataumia, hasemi. Asiposema, lile kosa linamsubiri mwenzake kesho kwenye njia ileile.

NDEGE ILIYOPITILIZA MINNEAPOLIS

Tarehe 21 Oktoba 2009, ndege ya Northwest namba 188, Airbus A320, ilitoka San Diego kwenda Minneapolis ikiwa na abiria 144. Northwest wakati huo ilikuwa imeshanunuliwa na Delta. Hewani, mawasiliano yakakatika. Waongoza ndege wanaita, kimya. Kampuni inatuma ujumbe kwenye mtambo wa ndani ya ndege, kimya. Zaidi ya saa nzima! Jeshi likaweka ndege za kivita tayari kwa lolote. Ndege ikapita juu ya Minneapolis ikaendelea zaidi ya maili 100 mbele, mpaka mhudumu wa ndege alipopiga simu chumba cha marubani kuuliza tunatua saa ngapi, ndipo jamaa wakashtuka.

Walikuwa wametoa laptopu zao wanajadili mfumo mpya wa kupanga zamu, ule uliokuja baada ya kampuni mbili kuungana. Yaani kilichowapotezea akili ni ratiba ya kazi.

Angalia kasi ya mambo. Tukio tarehe 21. Tarehe 27, siku 6 tu baadaye, FAA ilifuta leseni zao kwa dharura. Kufuta kwa dharura maana yake leseni inaondoka palepale, kabla ya rufaa. Kwenye amri ya kawaida, ukikata rufaa kwenye bodi ya NTSB, unaendelea kuruka mpaka uamuzi utoke. Kwenye dharura hakuna hiyo. Una siku 10 za kukata rufaa, bodi inatakiwa iamue ndani ya siku 60, na muda wote huo uko chini.

Na Delta je? Iliwasimamisha kazi, na ikatangaza hadharani kwamba kutumia laptopu binafsi chumba cha marubani ni kinyume cha sera yake na anayekiuka atafukuzwa. Ndani ya wiki moja watu walikuwa hawana leseni, na mwajiri kashasema mbele ya dunia nzima alipo.

Sitetei kilichotokea. Watu 144 wamekaa nyuma wakiamini kuna mtu anaangalia mbele. Lakini jiulize: katika hali ile, wakili wa Delta angeweza kuwa wakili wao? Haiwezekani. Kadri kosa linavyoonekana ni la marubani wawili wazembe, ndivyo linavyopungua kuwa la kampuni iliyoleta mfumo mgumu wa ratiba bila kuwafundisha watu wakauelewa. Maslahi yameachana njia. Machi 2010 walifikia makubaliano na FAA: waache rufaa, na kuanzia mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo waruhusiwe kuomba leseni upya.

WAKILI HUYU NI WA NANI?

Hili ndilo naomba mlisome mara mbili, hasa mnaotaka kuingia fani hii.

Rubani kapata barua. Mkuu wake anamwita ofisini, anamkuta baba mmoja mwenye suti, mpole, kalamu mkononi. "Huyu ni mwanasheria wetu, mweleze kila kitu, tutalimaliza." Rubani anashusha pumzi. Anamwaga yote: kwamba alikuwa amechoka, kwamba alishaiandika ile hitilafu mara mbili ikarudishwa, kwamba aliambiwa safari lazima iende.

Yule baba ni wakili wa kampuni. Siri za mazungumzo yale ni mali ya kampuni, na kampuni ikiona inafaa kuzitoa, inazitoa. Mahakama Kuu ya Marekani ilizungumzia jambo hili mwaka 1981 katika kesi ya kampuni ya Upjohn, na tangu hapo mawakili makini wa makampuni wana desturi ya kumwambia mfanyakazi kabla hajafungua mdomo: mimi namwakilisha mwajiri wako, sio wewe. Ukisikia sentensi hiyo, usiipite kama salamu.

Sio kwamba kampuni ni adui kila mara. Kesi nyingi maslahi yanakwenda pamoja: rubani alisikia vibaya namba ya mwinuko, kampuni haikuhusika, wote wanataka liishe kwa mafunzo. Hapo wakili mmoja anatosha na kila mtu anafurahi. Matatizo yanakuja pale kosa lina wazazi wawili.

Uchovu ni mfano mzuri. Tangu Januari 2014 kanuni za Marekani kwa ndege za abiria zinamtaka rubani athibitishe mwenyewe kabla ya kila safari kwamba yuko sawa kufanya kazi. Kanuni hizohizo zinaikataza kampuni kumrusha aliyesema amechoka. Nzuri kwenye karatasi. Lakini mambo yakiharibika, swali linakuwa: alisaini kwa hiari, au alisaini kwa sababu wiki iliyopita aliyekataa aliitwa ofisini? Rubani atasema moja, kampuni itasema lingine. Mawakili lazima wawe wawili.

Ndio maana marubani wa mashirika makubwa wanategemea zaidi chama chao, kama ALPA, ambacho kina wanasheria wake. Na wale wa ndege ndogo wanajiunga na mipango ya kulipia ya huduma za kisheria, kama ule wa AOPA, ambapo mtu analipa ada ya mwaka na akipata barua ana pa kupiga simu. Hao wa kwanza na wa pili wanajua wakili wao anakula kwa nani.

Anayeumia zaidi ni rubani wa katikati. Anaendesha ndege binafsi ya tajiri au ya kampuni ya mafuta, hana chama, hana kamati, ana bosi mmoja. Bosi anasema "usijali, niachie mimi." Labda kweli. Lakini bosi huyohuyo ndiye aliyekuwa amekaa nyuma akisema lazima tufike kabla ya saa nne. Akiulizwa na FAA, atasema alisema?

MSAADA WENYEWE UNAONEKANAJE

Nimesoma vitu vingi kuhusu hili na naona msaada wa kweli hauhitaji maneno matamu. Wa kwanza ni mshahara. Mtu akiwa chini kwa uchunguzi, je analipwa? Wapo wanaolipwa kamili, wapo wanaolipwa kima cha chini bila posho za safari, na wapo wanaoambiwa watumie likizo yao. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni, asipolipwa miezi mitatu, atasaini makubaliano yoyote atakayowekewa mbele ili arudi kazini. Njaa ni wakili mbaya.

Wa pili ni kulipia wakili ambaye rubani kamchagua mwenyewe. Kampuni inatoa hela, lakini mteja ni rubani. Hii inawezekana kabisa na inafanyika, ila iwe kwenye maandishi kabla. Ikisubiri siku ya tukio, utasikia "tunasubiri kikao cha bodi."

Wa tatu hauna gharama na ndio unaonyimwa zaidi: karatasi. Ratiba za zamu, kumbukumbu za matengenezo, maagizo ya siku ile, data za mtambo wa kurekodi safari. Vyote viko kwa kampuni. Rubani bila karatasi hizo ana kumbukumbu ya kichwani tu, na mbele ya hakimu wa NTSB kumbukumbu ya kichwani ni nyepesi kama unyoya.

Kuna pia mafunzo. Kampuni ikimrudisha rubani kwenye mashine ya kufanyia mazoezi mapema, yenyewe, bila kusukumwa, FAA inaona mtu ameshajirekebisha na sababu ya kumwadhibu inapungua.

Kuna kitu kimoja kampuni haiwezi kukifanya hata iwe tajiri vipi: haiwezi kuitumikia adhabu badala ya mtu. Na kumbukumbu zinabaki. Marekani wana hifadhi ya kumbukumbu za marubani, ambayo kanuni yake ilitoka mwaka 2021, na mwajiri mpya lazima aipitie kabla ya kukuajiri. Hatua ya FAA inakufuata utakapokwenda. Kwa hiyo rubani anayeambiwa "kubali tu, ni siku 30, tutakulipa" anatakiwa aulize: na miaka 10 ijayo nikiomba kazi pengine, mtakuwepo kunieleza?

NAHODHA WA NOVEMBER OSCAR

Tuhame Marekani kidogo, twende Uingereza, kwa sababu kisa hiki bado kinasimuliwa kati ya marubani.

Tarehe 21 Novemba 1989, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inatoka Bahrain kwenda London na abiria 255. Usajili wake uliishia na herufi N na O, ndio maana inaitwa November Oscar. Wafanyakazi wa ndege ile walikuwa wameugua tumbo siku chache kabla, wakiwa Mauritius. London kulikuwa na ukungu mzito. Rubani msaidizi hakuwa na idhini ya kutua katika ukungu wa namna ile, kwa hiyo wakiwa hewani iliombwa ruhusa maalumu kwa kampuni, na kampuni ikaitoa. Naomba mlishike hilo.

Karibu na Heathrow mambo yakaenda haraka. Ndege haikushika vizuri mstari wa kuongozea, ikapotoka kulia. Nahodha akaamua kupanda tena, lakini ilikuwa imeshashuka mpaka kama futi 75 kutoka ardhini, ikapita nje ya njia, juu ya barabara, karibu kabisa na paa la hoteli. Ving'ora vya magari vikalia. Akazunguka, akatua salama mara ya pili. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Nahodha alifikishwa mahakamani, sio kwenye ofisi ya mamlaka tu. Mwaka 1991 baraza la wazee wa mahakama halikuwa na kauli moja, lakini wengi walimwona na hatia ya kuhatarisha ndege na abiria kwa uzembe. Faini pauni 2,000. Kampuni ilimshusha cheo kutoka unahodha, naye akaishia kujiuzulu. Desemba 1992 alijiua.

Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwake, na mtu hafi kwa sababu moja. Ila ukiisoma kesi ile unaona jinsi safu ya watu inavyopungua. Mwanzo wapo wengi: aliyepanga wafanyakazi, aliyetoa ruhusa kwenye redio, rubani msaidizi, mhandisi wa ndege, waongoza ndege. Mwishoni kwenye kizimba amebaki mtu mmoja mwenye mistari minne begani.

Miaka ya karibuni mashirika mengi yameanzisha vikundi vya marubani wenzao wanaofundishwa kumsikiliza mwenzao aliye kwenye uchunguzi, kwa siri, bila kuandika ripoti. Simu inatoka kwa rubani kwenda kwa rubani. Ni kitu kidogo, na naamini kinaokoa watu.

Ulaya nayo iliandika sheria, namba 376 ya mwaka 2014, inayomkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kosa alilolitolea taarifa mwenyewe, isipokuwa kama alifanya makusudi au kwa uzembe uliopitiliza. Yaani lile tundu lililousimamisha mpango wa American Airlines, wao wameliziba kwa sheria badala ya kuliacha kwenye mazungumzo ya kampuni na chama.

NA SISI HUKU

Huku kwetu leseni inatolewa na TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na mamlaka hizohizo ndizo zinazoweza kuisimamisha au kuifuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wakala wao wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, unaosaidia kanuni zifanane. Kenya wana chama chenye nguvu, KALPA, mlikiona kwenye mgomo wa Kenya Airways Novemba 2022. Lakini rubani anayebeba watalii kwa ndege ndogo kwenda viwanja vya vumbi mbugani anafanana zaidi na yule wa ndege ya tajiri niliyemtaja hapo juu: bosi mmoja, mkataba wa kurasa tatu, na hamu ya kujaza masaa ili aende ndege kubwa.

Kwa hiyo wewe unayemaliza shule ya urubani mwaka huu, ukipewa huo mkataba usome kipengele cha mshahara halafu uendelee kusoma. Tafuta panaposema nini kitatokea ukiwa chini kwa uchunguzi wa mamlaka. Unalipwa au hulipwi? Wakili ni wako au wao? Ukiomba nakala ya ratiba zako na kumbukumbu za ndege utapewa ndani ya siku ngapi? Na kama kampuni ilikulipia mafunzo ya aina ya ndege kwa dhamana ya miaka kadhaa, je ile miezi ambayo leseni imesimama inahesabiwa au deni linakusubiri? Kama mkataba haugusi lolote kati ya haya, uliza kwa barua pepe, sio kwa mdomo, na majibu uyachapishe uyaweke nyumbani.

Jinsi ya kusoma mkataba wa dhamana ya mafunzo ni mada ya siku yake, maana ina mitego mingi. Kama kuna rubani, fundi au muongoza ndege humu ndani mwenye la kuongeza au kurekebisha, sehemu ya maoni iko wazi, jina sio lazima. Muda wangu hapa kafe umebaki dakika nne.